Maswali ya Wasomaji: Viumbe Vinapokutana Uwanjani

Barua za safari hii kuhusu mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering karibu zote zina ugomvi mmoja. Wachezaji wanakubaliana kadi inasema nini, ila hawakubaliani jambo gani limetangulia lingine. Majina ya kadi tumeyaacha yalivyochapwa. Uwezo wa viumbe tunautaja mara moja kama ulivyoandikwa kwenye kadi, kisha tunaendelea na jina la Kiswahili. Tarakimu kama 3/2 zisome hivi: ya kwanza ni nguvu, ya pili ni uimara. Mana ni nishati ya kulipia kadi, na ardhi ni kadi zinazoitoa. Kulaza kadi ni kuigeuza ubavu ili kuitumia. Kaburi ni rundo la kadi zilizokufa au zilizokwishatumika. Mrundiko ni pale kadi na uwezo vinapongoja zamu ya kutekelezwa, na kilichoingia mwisho ndicho kinachotekelezwa kwanza.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilishambulia kwa Typhoid Rats, kile kiumbe cha 1/1 cha mana moja nyeusi chenye Deathtouch. Nilikuwa nimekiwekea Rancor, kwa hiyo kilikuwa 3/1 na kina Trample. Mwenzangu akazuia kwa Colossal Dreadmaw ya 6/6, akasema nguvu 3 haziwezi kuvuka uimara wa 6. Nani ana haki?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Haki ni yako. Dreadmaw inakufa na mwenzako anapoteza uhai 2.

Uwezo wa kukanyaga, yaani Trample, unakutaka ukipe kila kiumbe kilichokuzuia madhara ya kutosha kukiua, kisha yanayobaki yamwendee mchezaji. Mguso wa kifo, yaani Deathtouch, unabadili hesabu ya hayo "ya kutosha": dhara 1 tu kutoka kwa kiumbe chenye mguso huo linahesabiwa kuwa la kuua, uimara uwe 2 au 20. Katika 3 ulizonazo, 1 inakwenda kwa Dreadmaw na 2 zinapita. Angezuia kwa viumbe viwili ungeviua vyote na 1 ingepita. Angezuia kwa vitatu ungeua vitatu, na yeye asingeguswa.

Hesabu hiyo haibadiliki hata kama kiumbe kinachozuia hakiharibiki, yaani kina Indestructible. Chenyewe hakifi, lakini kwa kugawa madhara 1 inatosha na zilizobaki zinapita. Na mwenzako akikiondoa kiumbe chake uwanjani kabla ya madhara kugawanywa, zote 3 zinamwangukia. Bila uwezo wa kukanyaga ingekuwa kinyume: kiumbe kikishazuiwa kimezuiwa, hata kama kilichokizuia kimeshatoweka, na mchezaji hapati hata 1.

Tahadhari ni kwenye Rancor yenyewe. Dreadmaw inakupiga wakati uleule unaoipiga, kwa hiyo panya wako nao wanakufa. Rancor inarudi mkononi kwa sababu imetoka uwanjani kwenda kaburini. Lakini mpinzani akiwaua panya wakati Rancor ingali kwenye mrundiko, inakwenda kaburini moja kwa moja bila kugusa uwanja, na hairudi. Iweke pale mwenzako alipolaza ardhi zake zote, hata kama ni kungoja zamu moja zaidi.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa unacheza nyeusi na kijani. Mguso wa kifo haujali madhara yametoka kwenye shambulio au kwingine. Prey Upon, kwa mana moja ya kijani, inavipiganisha kiumbe chako na cha mpinzani, na panya wa 1/1 wataua karibu chochote. Rabid Bite inagharimu mana mbili lakini ni bora kwako, maana kiumbe chako kinauma bila kuumwa. Katika zote mbili, mpinzani akikiondoa kiumbe chako kabla kadi haijatekelezwa, hakuna madhara yoyote: umepoteza kadi mbili kwa moja yake.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Binamu yangu alijifunza mchezo huu miaka mingi iliyopita. Anashikilia kwamba ukizuiwa na viumbe viwili lazima uvipange foleni papo hapo, na ukimalize cha kwanza kabla ya kugusa cha pili. Mimi mgeni, sijawahi kuiona foleni hiyo.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Binamu anaikumbuka sheria iliyokuwepo kweli. Foleni ililetwa na mabadiliko ya Magic 2010, mwaka 2009, ikaondolewa Novemba 2024 seti ya Foundations ilipotoka. Sasa mshambuliaji anagawa madhara apendavyo kati ya viumbe vilivyomzuia, na anaamua wakati wa madhara, si wakati wa kuzuia.

Tofauti yake si ndogo. Tuseme binamu anashambulia kwa 5/5, nawe unazuia kwa 3/3 na 4/4. Mkononi una Giant Growth, inayotoa +3/+3 hadi mwisho wa zamu. Zamani angetangaza foleni, tuseme 3/3 kwanza. Ungengoja amalize kupanga, ukikuze hicho cha kwanza kiwe 6/6, na madhara yake 5 yote yangenasa hapo. Viumbe vyako vyote viwili vingepona na chake kingekufa. Leo ukifanya hivyo atakiacha hicho 6/6, aweke madhara 4 kwenye 4/4 na 1 popote. Bado unamwua, lakini unalipa kiumbe.

Kwa hiyo kuzuia kwa viumbe viwili kumekuwa ghali. Jiulize kwanza kama uko radhi kupoteza chochote kati ya viwili hivyo, kwa uchaguzi wa mwenzako. Kama kimojawapo ni uti wa mgongo wa deki yako, kiache nyuma.

Binamu akikuambia pia kwamba madhara yanakwenda kwenye mrundiko na mtu anaweza kumtoa kafara Mogg Fanatic baada ya kupiga, hilo nalo lilikufa mwaka 2009. Siku hizi Fanatic anachagua moja: apige katika shambulio, au atolewe kafara kabla ya madhara na kumpiga yeyote 1. Vyote viwili havipati.

SWALI: Nimepewa kadi za zamani za Mirage, ya mwaka 1996, na ndani yake kuna Burning Shield Askari. Ina uwezo wa Flanking. Nishambulie nayo vipi?
Msomaji, Maskati

JIBU: Askari huyu ni 2/2. Kiumbe kisicho na Flanking kikimzuia, hicho kinachozuia kinapata -1/-1 hadi mwisho wa zamu. Tuuite kupiga ubavuni. Adhabu inakuja wakati wa kuzuia, kabla ya madhara, ndiyo maana kiumbe cha 1/1 kikimzuia kinakufa papo hapo. Askari anabaki amezuiwa na mpinzani haguswi, ila umeua bila kupigwa.

Uhondo uko kwenye uwezo wake wa pili: lipa mana mbili nyekundu apate First Strike, pigo la kwanza. Akizuiwa na 3/3, kiumbe hicho kinashuka hadi 2/2. Usipolipa, wote wawili wanakufa. Ukilipa, Askari anapiga 2 kwanza, mpinzani wake anakufa, yeye anarudi mzima. Lipa ukiwa bado kwenye hatua ya kuzuia, baada ya ile -1/-1 kutekelezwa. Ukisubiri hatua ya madhara ianze umechelewa, hakuna tena pigo la kwanza la kuwahi.

Mpinzani anaweza kuijibu -1/-1 ikiwa kwenye mrundiko, mathalani kwa Giant Growth, kwa hiyo usilipe mana kabla hujaona atafanya nini. Na Askari anapozuia yeye mwenyewe, kupiga ubavuni hakufanyi kazi kabisa. Ni kadi ya kushambulia. Ukimweka nyumbani kulinda unamtumia nusu.

SWALI: Nikikikuza kiumbe changu cha 2/2 kwa Giant Growth, mwenzangu ananipiga Lightning Bolt na kiumbe kinakufa. Akinipiga yeye kwanza, nami nikamjibu kwa Giant Growth, kinapona. Kadi ni zilezile, mbona matokeo tofauti? Na ni kweli Tarmogoyf haifi kwa Bolt?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Kwa sababu ya mrundiko. Ukianza na Giant Growth, Bolt yake inaingia juu, inatekelezwa kwanza, na kiumbe cha 2/2 kinapokea madhara 3 kabla hakijakua. Giant Growth inabaki bila cha kulenga na inapotea bure. Akianza yeye, yako ndiyo iliyo juu: kiumbe kinakuwa 5/5, kisha Bolt inakikuta hivyo.

Basi kanuni ya matumizi ni rahisi. Kadi ya kukuza isianze mazungumzo, ijibu. Ukilazimika kuianzisha, mathalani kushinda shambulio, ianzishe wakati mwenzako hana ardhi iliyosimama. Wengi wanaikuza kabla ya kushambulia, kabla hata mpinzani hajaamua kuzuia. Hapo umempa taarifa ya bure na nafasi ya kujibu. Shambulia kwanza, aone 2/2, azuie kwa 3/3, ndipo ukuze.

Unaweza kujiuliza pia: kiumbe cha 2/2 kilichokuzwa kuwa 5/5, kikapokea madhara 4, je, zamu ikiisha na ukuaji ukiondoka kitakufa? Hakifi. Katika usafi wa mwisho wa zamu madhara yanafutwa na athari za "hadi mwisho wa zamu" zinakoma kwa mpigo mmoja. Hatari iko katika hatua iliyo kabla yake, ile ya mwisho wa zamu, ambapo madhara 4 bado yapo na mtu anaweza kuongeza 1.

Kuhusu Tarmogoyf, inategemea makaburi. Nguvu yake ni idadi ya aina za kadi zilizomo makaburini mwa wachezaji wote, na uimara wake ni idadi hiyo na 1 zaidi. Kukiwa na ardhi na kiumbe tu, ni 2/3. Bolt inapiga 3, na katika kumalizia utekelezaji wake inaingia kaburini. Hapo ndipo mchezo unajikagua nani afe. Lakini Bolt ni kadi ya aina ya Instant, aina ya tatu, na Tarmogoyf imeshakuwa 3/4. Inapona. Kama tayari kulikuwa na Instant yoyote kaburini, Bolt haiongezi aina mpya na Tarmogoyf inakufa. Angalieni makaburi yote mawili kabla ya kurusha, si la mwenye Tarmogoyf peke yake.

SWALI: Kiumbe changu cha 4/4 kilikuwa na alama mbili za +1/+1. Nikakikuza kwa Giant Growth kikawa 9/9. Mpinzani akacheza Turn to Frog. Nikaambiwa ni chura wa 1/1 na mambo yote yamefutika. Sawa?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Si sawa. Ulikuwa na chura wa 6/6.

Turn to Frog inafanya mambo mawili: inakinyima kiumbe uwezo wake wote, na inakifanya chura wa bluu mwenye msingi wa 1/1 hadi mwisho wa zamu. Neno la kushika ni msingi. Sheria ya 613 inapanga athari katika tabaka, na kuhusu nguvu na uimara inasema yanayoweka msingi yanahesabiwa kwanza, na ya kuongeza na kupunguza, pamoja na alama, yanafuata. Haijalishi ipi ilichezwa mapema. Anza na 1/1, ongeza alama mbili upate 3/3, ongeza Giant Growth upate 6/6. Ukicheza Giant Growth baada ya chura, jibu ni lilelile.

Kinachomponza mtu ni madhara yaliyokwishaingia. Kiumbe cha 5/5 kisicho na nyongeza, kilichokwishapokea madhara 2 katika shambulio, kikigeuzwa chura kinakuwa 1/1 chenye madhara 2, na kinakufa. Kwa hiyo ukiwa wewe ndiye mwenye Turn to Frog, mara nyingi inafaa zaidi baada ya madhara au katika hatua ya kuzuia kuliko mwanzoni mwa zamu.

Kadi hiyo inafuta pia aina ya kiumbe. Elf aliyekuwa akipata +1/+1 kutoka kwa jemadari wa Elf, akiwa chura si Elf tena na nyongeza ile inamkosa. Na jemadari mwenyewe akigeuzwa, jeshi zima linasinyaa.

SWALI: Nataka kuunda deki ya Elf ya kadi 60 kwa kuchezea nyumbani na wenzangu. Nimeweka ardhi 24 kama nilivyofundishwa, Elf wa kila namna, na bado ninashindwa. Kila nikijaza uwanja, mmoja wao anacheza Wrath of God na ninabaki mtupu. Nisaidie.
Msomaji, Arusha

JIBU: Una matatizo mawili tofauti, tuyachukue moja moja.

La kwanza ni ujenzi. Ardhi 24 ni kipimo cha deki isiyo na viumbe vya kuzalisha mana. Wewe unavyo: Llanowar Elves na Elvish Mystic, kila kimoja 1/1 kwa mana moja, kinalazwa kikupe mana ya kijani. Weka 4 za kila kimoja na ushushe ardhi hadi 19 au 20. Kwa nini zote 8? Angalia hesabu ya kadi 7 za mwanzo. Ukiwa na nakala 4 tu za kiumbe cha aina hiyo, uwezekano wa kushika angalau kimoja ni asilimia 40. Ukiwa na 8 ni asilimia 65. Ukiwa na 12, kama mkikubaliana kutumia na Fyndhorn Elves, ni asilimia 81. Mpango wako wote unategemea zamu ya kwanza, na asilimia 40 haitoshi kuutegemea.

Baada ya hao, majemadari 8: Elvish Archdruid 4 na Imperious Perfect 4. Wote wanagharimu mana 3 na kuwapa Elf wako wengine +1/+1. Archdruid akilazwa anatoa mana moja ya kijani kwa kila Elf uliye naye, akijihesabu mwenyewe. Tazama mwendo wake: zamu ya kwanza ardhi na Llanowar, ya pili ardhi ya pili pamoja na Llanowar ni mana 3, anaingia Archdruid, ya tatu ardhi 3, Llanowar 1, Archdruid 2, jumla mana 6 wakati mwenzako ana 3. Imperious Perfect anatengeneza Elf mpya wa 1/1 kila zamu kwa mana moja. Ongeza Elvish Visionary 4, kinachokuvutia kadi kikiingia, na Dwynen's Elite 4, kinachokuja na mwenzake wa 1/1 ukiwa tayari na Elf mwingine. Nafasi zilizobaki zigawe kati ya Elf wa bei ndogo na kadi 3 hivi za kumalizia, kama Overrun: mana 5, viumbe vyako vyote +3/+3 na kukanyaga. Usizidishe hizo za kumalizia. Ukizishika mbili mkononi mwanzoni mwa mchezo, ni kama umeanza na kadi tano.

Kuhusu mkono wa kuanzia: ardhi moja na Llanowar wawili unavutia, nasi tunakushauri uurudishe. Lightning Bolt moja kwa Llanowar wa kwanza na umekwama. Kwa sheria ya tangu 2019 unachanga upya, unavuta 7, kisha unarudisha 1 chini ya deki, kwa hiyo kurudisha hakuumi kama zamani.

La pili ni Wrath of God. Ni mana 4 na inaangamiza viumbe vyote. Uwezo wa kutolengwa, ule wa Hexproof, hauokoi chochote hapo kwa sababu kadi hiyo hailengi. Dawa ni hesabu. Mwenzako ana uhai 20 na viumbe vyako uwanjani vinapiga 7 kwa zamu. Atakufa kwa zamu 3. Ukiongeza kiumbe cha nguvu 2 vitapiga 9, zamu mbili ni 18, bado unahitaji ya tatu. Kiumbe hicho hakijakuongezea kasi hata kidogo. Kimeongeza tu utakachopoteza. Kingekuwa cha nguvu 3, vingepiga 10 na zamu zingepungua hadi 2, hapo kina sababu ya kushuka. Mwenzako anapokaribia mana ya 4, na ana rangi nyeupe, shikilia mkononi angalau jemadari mmoja na Elf wa mana mmoja. Akiwafagia, unaanza upya siku hiyohiyo.

Jihadhari pia na jemadari kufa katikati ya zamu, kwa kuwa madhara hayaondoki na nyongeza inaondoka. Mfano: una Archdruid wawili na Llanowar wanne. Kila Archdruid ni 3/3 kwa nyongeza ya mwenzake, kila Llanowar ni 3/3 pia. Mpinzani anacheza Pyroclasm, madhara 2 kwa kila kiumbe. Hakuna anayekufa, unashusha pumzi. Kisha anarusha Lightning Bolt kwa Archdruid mmoja. Yeye anakufa, wa pili anashuka hadi 2/2 akiwa na madhara 2, naye anakufa, Llanowar nao vivyo hivyo. Kadi mbili, viumbe sita. Mpinzani mjanja atatafuta hasa nafasi hiyo, au atamwua jemadari baada ya wewe kutangaza kuzuia, Elf wako wakiwa wameshajifunga na viumbe wasivyoviweza tena. Zuia ukihesabu uimara wa Elf bila nyongeza ya jemadari mmoja. Kama hesabu hiyo haikufai, usizuie.

MAJIBU MAFUPI

Msomaji wa Mombasa anauliza kuhusu Vampire Nighthawk, 2/3 mwenye Lifelink, kunyonya uhai. Uhai umebaki 2, Nighthawk amezuia kiumbe kimoja, na kingine cha 3/3 kimepita. Utapona: uhai wa kunyonya unaingia pamoja na madhara, 2 toa 3 jumlisha 2, unabaki na 1. Kama kilichopita kina pigo la kwanza, umekufa kabla Nighthawk hajapiga.

Kampala wanauliza kama Elvish Archdruid anaweza kulazwa zamu anayoingia. Hawezi. Kiumbe kinahitaji kuwa uwanjani upande wako tangu mwanzo wa zamu yako ndipo kishambulie au kilazwe kwa uwezo wake wenye alama ya kulaza. Nyongeza yake ya +1/+1 inafanya kazi papo hapo, kwa kuwa hailazi kitu.

Mpinzani akikilaza kiumbe chako baada ya wewe kukitumia kuzuia, bado kinapiga madhara yake kama kawaida. Anayetaka kukizuia kisizuie akilaze mapema, kabla hakijatangazwa kuzuia.

Blood Artist akiwa uwanjani na viumbe vingine vitano wakati Wrath of God inatekelezwa, vyote vinakufa kwa pamoja na yeye anaviona vyote, akijihesabu. Ni mara 6: mpinzani anapoteza uhai 6, wewe unapata 6. Hakuna haja ya yeye kubaki hai.

Mwisho, Bujumbura: Kitchen Finks, 3/2, akifa bila alama ya -1/-1 anarudi akiwa nayo, huo ndio Persist, na kila akiingia unapata uhai 2. Cathars' Crusade inaweka alama ya +1/+1 kila kiumbe chako kinapoingia. Alama hizo mbili zikikutana zinafutana, Finks anabaki bila alama, na Viscera Seer anaweza kumtoa kafara tena na tena bila mwisho. Mtego mmoja: akirudi, Crusade inaingia kwenye mrundiko kwanza. Ukimtoa kafara kabla haijatekelezwa, bado ana -1/-1 na harudi. Subirini alama zifutane kila mzunguko. Na mezani hamruhusiwi kusema "uhai usio na mwisho": taja idadi ya mizunguko, milioni moja ukipenda, mpinzani akubali au aseme atakatiza wapi, kisha mchezo uendelee kutoka kwenye idadi hiyo.